Bwawa ni Nini? Istilahi za Maji Yaliyozuiwa, kwa Mfano wa Kisiwa cha Puerto Rico

Mfasiri mmoja aliyekuwa akitayarisha kitini cha mafunzo ya kukabiliana na maafa alifika ofisini kwetu akiwa na sentensi moja iliyomtatiza. Sura aliyofikia ilihusu kisiwa cha Puerto Rico katika bahari ya Karibi, na mambo yaliyotokea huko mwezi Septemba 2017. Yeye alikuwa ameandika hivi: "Bwawa la Guajataca lilipasuka, na watu wapatao 70,000 wakaamriwa kuhama." Msimamizi wake alipoisoma sentensi hiyo aliuliza swali ambalo mtu yeyote makini angeliuliza: je, maji hayo yaliua watu wangapi? Mfasiri akarudi kwenye matini ya asili, akaisoma mara ya pili na ya tatu, asione idadi ya wafu popote. Sababu ni kwamba bwawa lile halikupasuka. Kilichobomoka ni kitu kingine kilicho kando yake, na kitu hicho mfasiri hakuwa na jina la kukiita.

Makala haya hayakusudii kumcheka ndugu huyo, maana hata sisi tunaoshughulika na istilahi kila siku tungeweza kuandika vivyo hivyo kama tungekuwa na haraka. Nakusudia kueleza jinsi kisiwa hicho kinavyohifadhi maji yake, na jinsi kila sehemu ya kazi hiyo inavyodai jina lake katika Kiswahili. Nitabaki Puerto Rico karibu muda wote, kwa kuwa ni kisiwa kidogo kiasi cha kuweza kutazamwa chote kwa mara moja, na kwa kuwa hakuna tatizo kubwa la mabwawa ambalo halijapata kukigusa.

Yafaa tuanze na neno lenyewe. Bwawa, kwa asili, ni mahali penye majimaji na matope, maji yakiwa yametuama. Kamusi za zamani hulieleza karibu sawa na kinamasi. Baadaye neno lilipanuka likabeba maana ya shimo au bonde lililojaa maji, liwe la asili au la kuchimbwa. Leo tunalo bwawa la samaki, bwawa la kuogelea, bwawa la majitaka na bwawa la kuzalishia umeme. Kisha wahandisi walipoanza kuziba mito, neno lilelile likatoka majini na kupanda juu ya ukuta. Twasema "wanajenga bwawa", na hapo tunakusudia ukuta. Twasema "amezama bwawani", na hapo tunakusudia maji. Katika mazungumzo ya nyumbani jambo hili halina dhara lolote, kwa kuwa msikilizaji huona mara moja ni lipi linalosemwa. Katika taarifa ya kiserikali lina dhara, kwa sababu ukuta na maji havifikwi na balaa la namna moja.

Wenyeji wa Puerto Rico husema Kihispania, nao wana maneno mengi zaidi. Ukuta unaozuia mto huitwa presa au, kwa kawaida zaidi katika kisiwa hicho, represa. Maji yaliyokusanyika nyuma ya ukuta huitwa embalse. Lakini hayo ya embalse ni maneno ya wahandisi na magazeti. Mwananchi wa kawaida, na hata ramani nyingi, husema lago, yaani ziwa: Lago Guajataca, Lago Dos Bocas, Lago La Plata. Ajabu ni kwamba kisiwa hicho hakina ziwa kubwa la asili hata moja. Yaliyopo ni vijiziwa vya karibu na pwani. Kila "ziwa" la milimani ambalo mgeni huonyeshwa ni mto uliozuiwa katika karne ya 20 au baada yake. Neno lago limeyafanya maji hayo yaonekane kuwa ya tangu na tangu, na hapo chini nitaonyesha kwamba dhana hiyo imewagharimu watu. Kwetu hatari hii ni ndogo kidogo. Tunasema Bwawa la Mtera na Bwawa la Nyumba ya Mungu, wala hatusemi Ziwa la Mtera, na kwa maoni yangu wasemaji wa Kiswahili wamefanya vyema zaidi hapo kuliko wachora ramani. Hata hivyo mwalimu wa jiografia atakumbuka kwamba vitabu hutaja Ziwa Kariba na Ziwa Volta, nayo pia ni mito iliyozuiwa.

Kwa nini kisiwa chenye mvua nyingi kikahitaji kuzuia mito? Puerto Rico ina eneo la takriban kilometa za mraba 8,900 tu, na safu ya milima imekipasua kisiwa katikati kutoka mashariki hadi magharibi. Kilele kirefu kuliko vyote, Cerro de Punta, kina meta 1,338. Pepo zivumazo kutoka kaskazini mashariki hugonga milima hiyo na kuangusha mvua upande wa kaskazini, nao upande wa kusini hubaki umekingwa, mkavu. Mito ni mifupi na yenye mteremko mkali. Hata mto mrefu kuliko yote, yaani La Plata, hauzidi kilometa 100. Mvua iliyonyesha milimani asubuhi yaweza kuwa baharini kabla ya siku kwisha, na mwananchi wa mjini asipate hata ndoo moja.

Walioanza kuzuia maji hayo kwa wingi hawakuwa wakiwafikiria wananchi wa mjini bali miwa. Hispania ilikwisha kukikabidhi kisiwa kwa Marekani mwaka 1898, na kilimo cha miwa kilikuwa kikipanuka katika pwani kavu ya kusini. Sheria ya mwaka 1908 ilianzisha huduma ya umwagiliaji ya pwani hiyo, na kabla ya miaka kumi kwisha kulikuwa na mabwawa ya Carite, Patillas na Guayabal. Carite linastahili kutajwa peke yake: liko kwenye chanzo cha mto unaoelekea kaskazini, lakini maji yake yalipitishwa chini ya mlima kwa njia ya handaki yakaangukia upande wa kusini. Guajataca, lililoko kaskazini magharibi, lilikamilika mwishoni mwa miaka ya 1920, nalo pia kwa ajili ya umwagiliaji. Yakafuata mabwawa ya umeme, kama vile Dos Bocas mwaka 1942 na Caonillas mwaka 1948, kisha yale ya kuunywesha mji mkuu wa San Juan, hasa Carraízo katika mto Loíza, ambalo lilianza kujazwa mwaka 1953. Miwa imekwisha kutoweka karibu yote, lakini kuta zimebaki, na leo kazi yake kubwa ni maji ya bomba.

Sasa tuuangalie ukuta. Katika Kiswahili cha sasa tunayo maneno mawili yaliyo tayari, nayo hayapasi kuchanganywa. Tuta ni kizuizi kilichojengwa kwa udongo au mawe yaliyorundikwa na kushindiliwa. Mkulima anayejua tuta la viazi hahitaji kuelezwa zaidi. Ukuta ni kizuizi cha zege au cha mawe yaliyojengwa kwa saruji. Guajataca ni tuta lenye kimo cha takriban meta 37; Carraízo ni ukuta wa zege wenye milango ya chuma juu yake. Tofauti hii si ya mapambo. Maji yakipita juu ya ukuta wa zege, aghalabu ukuta hustahimili kwa muda. Maji yakipita juu ya tuta la udongo, huanza kulila, na tuta likishaanza kuliwa haliwezi kusubiri kikao cha kamati. Kwa sababu hiyo mfasiri anayeandika "ukuta wa Guajataca" amekwisha kumwondolea msomaji habari ambayo mhandisi angeitafuta kwanza.

Ndiyo maana kila bwawa la tuta lazima lipewe njia ya pembeni ambayo maji ya ziada yatapitia kabla hayajafika juu ya tuta. Katika taarifa za miradi ya maji ya Tanzania njia hiyo huitwa utoro wa maji. Wasomaji wengi hushtuka wanapolikuta neno hilo mara ya kwanza, kwa kuwa utoro tunaoufahamu ni ule wa mwanafunzi aliyekimbia shule. Mwalimu mmoja aliniambia kwamba hawezi kulitumia darasani bila watoto kuangua kicheko. Lakini tulipime neno hilo kwa kulilinganisha na wenzake. Wapuerto Rico husema vertedor, kutokana na kitendo cha kumimina. Hispania kwenyewe husema zaidi aliviadero, kutokana na kitendo cha kupunguza mzigo au kuliwaza. La kwanza lataja maji yanavyoonekana, la pili lataja faida anayoipata ukuta. Letu lataja nia ya maji yenyewe: yanatafuta pa kutorokea, na mhandisi amewachia upenyo mmoja ili yasijitafutie mwingine. Mimi naliona kuwa neno bora kuliko hayo mawili ya kigeni, na kicheko cha watoto kitawasaidia kulikumbuka.

Utoro wa Guajataca ni mfereji mpana wa zege unaoshuka kando ya tuta. Hauna mlango: maji yakifika kiwango chake humwagika yenyewe bila kuombwa. Kimbunga Maria kilikikumba kisiwa tarehe 20 Septemba 2017, mvua ikajaza bwawa, na maji yakaanza kushuka katika mfereji kwa wingi kuliko ilivyozoeleka. Sakafu ya zege ikavunjika. Maji yakapata udongo ulio chini yake, yakaumomonyoa, na shimo likaanza kupanda kurudi nyuma kuelekea bwawani. Tarehe 22 Septemba idara ya hali ya hewa ilitoa onyo kwamba bwawa linaharibika na watu wa kandokando ya mto wahame mara moja. Hesabu iliyotangazwa ilikuwa watu wapatao 70,000 katika eneo la Isabela na Quebradillas. Tuta lenyewe lilikuwa limesimama. Hofu ilikuwa kwamba mmomonyoko ukifika juu, bwawa lote litajimimina kwa njia hiyo. Katika siku zilizofuata, wanajeshi wahandisi wa Marekani walidondosha magunia makubwa ya kokoto na mchanga kwa helikopta, wakapanga vizuizi vya zege katika mfereji uliobomoka, wakaweka pampu na mabomba ya kupunguza maji. Mmomonyoko ukasimamishwa.

Tufikirie hali ya mtu aliyekuwa kando ya mto ule. Umeme ulikuwa umekatika kisiwa kizima, simu nyingi hazikuwa zikifanya kazi, na habari ilipita kwa mdomo, kwa polisi na kwa madereva wa mabasi. Habari inayopita kwa mdomo haibebi fungu zima la maneno. Hubeba nomino moja na kitenzi kimoja. Ikiwa nomino ni "bwawa" na kitenzi ni "limepasuka", msikilizaji atadhani maji yamekwisha kuondoka na yako njiani. Wengine watakimbia bila kumchukua mgonjwa, na wengine, wakiona saa mbili zimepita na mto haujapanda, wataamua kwamba wamedanganywa na watarudi kulala. Ikiwa kinachosemwa ni "utoro unabomoka", pana nafasi ya kuelewa kwamba hatari ni kubwa, haijafika, na muda uliopo ni wa kuhama kwa utaratibu. Onyo linalozidisha na onyo linalopunguza yote mawili yaweza kuua.

Vitenzi basi vinahitaji uangalifu kuliko nomino. Kupasuka ni kwa ghafla na hakurudi. Kitenzi hiki kitumike pale tu ukuta au tuta limefunguka na maji yametoka. Kubomoka ni kwa kipande baada ya kipande, na chawezekana kuzuiwa. Kumomonyoka ni kuliwa na maji, nako huhusu udongo, wala zege haimomonyoki kwa siku mbili. Kuvuja ni maji kupenya mahali yasipotakiwa, hata kama ni kidogo. Kufurika ni maji kupita kingo zake. Bwawa ambalo maji yake yanapita katika utoro halijafurika, linafanya kazi yake. Jambo hili la mwisho hukosewa mno na waandishi wa habari, ambao wakiona maji meupe yakishuka hupiga kelele za mafuriko, ilhali mhandisi aliyesimama pale anatabasamu. Kwa tukio hilo la kawaida napendekeza tuseme "bwawa linatorosha maji", au kwa wasiopenda kitenzi hicho, "linamwaga maji ya ziada". Na pale ambapo bwawa lina milango, kama Carraízo, na mtu ameamua kuifungua, tuseme "wamefungulia maji". Anayeishi bondeni ana haki ya kujua kama maji yanayomjia yameletwa na mvua au na mkono wa mtu.

Kuna pia usemi "wakazi wa chini ya bwawa". Nimeukuta katika matini tatu tofauti, na kila mara umenikumbusha samaki. Wanaokusudiwa ni watu wanaoishi upande ambao mto unaelekea baada ya kupita ukuta. Kama nafasi ipo, heri kuyataja maeneo kwa majina, kama lilivyofanya agizo la Isabela na Quebradillas; kama haipo, "wakazi wa bondeni mwa mto, baada ya bwawa" yatosha.

Naja sasa kwenye maneno mawili ambayo yameniletea taabu kuliko utoro: "bwawa limejaa". Kwa msikilizaji wa kawaida hii ni habari njema. Lakini limejaa nini?

Mito ya Puerto Rico hushuka kwa kasi kutoka milima yenye udongo laini, nayo milima hiyo huporomoka mara kwa mara. Kimbunga Maria peke yake kilisababisha makumi ya maelfu ya maporomoko ya ardhi. Udongo huo wote husafiri na maji. Mto ukifika penye bwawa, mwendo wake hufa, na kile ulichokuwa umekibeba huzama. Bwawa la Carraízo lilipoanza mwaka 1953 liliweza kubeba meta za ujazo milioni 26.8. Lilipopimwa mwaka 1994 lilikuwa na nafasi ya meta za ujazo milioni 14.2 tu. Karibu nusu ya bwawa ilikuwa imegeuka ardhi, na hakuna aliyeyaona hayo kwa macho, kwa sababu uso wa maji ulikuwa mahali pake uleule wa siku zote, ukimetameta kama ziwa lolote. Mwaka huohuo wa 1994 ukaja ukame, na wakazi wa San Juan wakawekewa mgao wa maji. Kati ya 1997 na 1999 mashine za kunyonya tope ziliondoa takriban meta za ujazo milioni 6 kwa gharama kubwa, na mto ukaendelea kuleta nyingine. Ukame wa mwaka 2015 ulileta mgao mkali zaidi: katika majuma mabaya kabisa baadhi ya wateja walipata maji siku moja na kuyakosa siku mbili.

Hapa ndipo neno lago lilipowagharimu watu. Ziwa halifikiriwi kuwa na umri. Hakuna anayeuliza ziwa limebakiza miaka mingapi. Chombo, kinyume chake, huchakaa, na mwenye chombo hukikagua. Napendelea neno bwawa liendelee kutumika kwa sababu hiyohiyo: ndani yake bado mna tope la maana yake ya zamani.

Kwa kile kinachozama chini, matini zetu hutumia "mchanga", "matope", "takataka" na "udongo" bila mpango. Neno sahihi tunalo. Mashapo ni kile kinachotua chini ya kimiminika, kama vile mashapo ya kahawa katika kikombe, na wanajiolojia wetu tayari husema miamba mashapo. Lisichanganywe na machicha, ambayo hubaki juu ya kung'uto baada ya nazi kukamuliwa. Mashapo hutua yenyewe, machicha huchujwa. Hivyo basi: "bwawa limejaa maji", au "bwawa limejaa mashapo", na tusiseme kamwe "bwawa limejaa" tukanyamaza.

Pamoja na hayo yafaa kutenganisha ujazo na kiwango. Ujazo ni wingi wa maji ambayo bwawa laweza kubeba, nao hupimwa kwa meta za ujazo. Kiwango ni mahali uso wa maji ulipofika. Mamlaka ya maji ya Puerto Rico hutangaza viwango vya mabwawa yake kila siku, na viwango hivyo huhesabiwa kutoka usawa wa bahari. Carraízo huanza kumwagika uso wa maji ukiwa takriban meta 41 juu ya bahari. Nimeona tafsiri iliyosema kwamba bwawa hilo lina "kina cha meta 41". Msomaji aliyeiamini angedhani kuna maji tele, ilhali sehemu ya meta hizo ni mwamba na nyingine ni mashapo. Kina hupimwa kutoka juu ya maji kwenda chini. Kiwango hupimwa kutoka baharini kwenda juu. Ni safari mbili tofauti.

Viwango hivyo vimepewa majina, nayo ni mtego mwingine wa wafasiri. Kuanzia juu kuna kiwango cha kumwagika, cha usalama, cha uangalizi, cha marekebisho ya uendeshaji, cha udhibiti, na mwisho cha kutofanya kazi. Neno kwa neno, tafsiri hizo si mbaya. Lakini mwananchi anayesikia kwamba bwawa "limefikia kiwango cha udhibiti" atafurahi kwamba mambo yamedhibitiwa, kumbe ni hatua moja tu kabla ya bwawa kuacha kufanya kazi, na mgao ni jambo la kutazamiwa. Katika kitini tuliandika "kiwango cha kubana matumizi". Si tafsiri ya neno, lakini ni tafsiri ya jambo.

Aina moja ya bwawa ilitushinda kwa muda. Karibu na mji wa Fajardo, upande wa mashariki, bwawa lililokamilika mwaka 2006 halikuziba mto kabisa. Lilijengwa pembeni, na maji huchotwa mtoni na kupelekwa humo. Mto ukiwa mchafu kwa mafuriko, haulazimiki kuingia. Mashapo yake ni machache sana. Mfasiri alipendekeza "bwawa la nje ya mto", nami nikaona kwamba hata bwawa la kuogelea liko nje ya mto. Mwenzangu akaleta birika, neno la kale katika pwani yetu kwa hodhi la kuwekea maji, lakini wasomaji wa bara wangefikiria chai. Lambo nalo tuliliacha, kwa kuwa limekwisha kuzoeleka kwa bwawa dogo la kunyweshea mifugo. Tuliishia kwenye "bwawa la kando ya mto". Siliridhii sana, kwa sababu "kando ya" yaweza kudhaniwa kuwa ni ukingoni hasa, na nitapokea pendekezo lililo bora kutoka kwa wasomaji.

Sentensi iliyoleta mjadala wote huu ilichapishwa hivi: "Utoro wa maji wa Bwawa la Guajataca ulibomoka, na kwa kuhofia kwamba tuta lingefuata, watu wapatao 70,000 waliamriwa kuhama, tuta halikupasuka." Ni ndefu mara mbili kuliko ile ya kwanza. Msimamizi aliisoma, akauliza kama neno utoro lingeweza kubadilishwa, kisha akaliacha.